Bwawa Jipya kwa Bei ya Kutupa

Bwawa lako la kuogelea hapo Mikocheni limeanza kumenyeka lipu, na Pasaka imekaribia, na wageni umeshawaalika. Usihangaike. Kwa mwongozo huu utalipata bwawa jipya kwa nusu ya bei, na hiyo nusu nyingine utailipa baadaye, mara tatu.

Anza kwa kumwaga maji yote, tena masika yakiwa yamepamba moto. Wenye subira hungoja kiangazi, kwa kuwa maeneo mengi ya pwani ya Dar es Salaam maji ya ardhini hayako mbali na miguu yako, na mvua huyapandisha zaidi. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, hubeba lita 48,000, yaani tani 48. Uzito huo ndio unaolituliza. Ukiuondoa, linabaki sanduku la zege lililozungukwa na maji yanayosukuma kwenda juu, na sanduku hilo laweza kupasuka sakafu au kunyanyuka kutoka shimoni kama ngalawa. Mabwawa mengine yana valvu ndogo penye tundu la chini, ya kuruhusu maji ya ardhini yaingie na kupunguza msukumo. Ikiwa fundi wa safari iliyopita aliiziba kwa saruji akidhani inavuja, basi nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Sasa tafuta fundi. Anayefaa ni yule aliyepiga lipu ukuta wa uani.

“Bosi, si lipu tu hii?”

“Lipu tu, fundi.”

Mkishaelewana hivyo, usimwambie kwamba lipu ya bwawa huchanganywa kwa saruji nyeupe na unga wa marumaru, ikapigwa kwa mkupuo mmoja na watu wa kutosha. Yeye ana kibarua mmoja, na saa saba wote wawili wanakwenda kula. Alipoachia na alipoanzia tena patabaki mstari ambao hakuna dawa ya kuufuta. Mchanga mwambie auzoe ufukweni, ni karibu. Kwamba sheria inakataza ni jambo moja. Jingine ni kwamba chumvi yake hupenya hadi kwenye nondo, nondo zikashika kutu, kutu ikavimba na kupasua zege. Ulikuwa na lipu mbovu, sasa utakuwa na bwawa bovu.

Lipu ya zamani usiigonge. Kuna watu hupita na nyundo ndogo wakisikiliza, na kila penye mlio wa utupu hupabomoa kwa tindo, maana hapo imeshaachana na zege na lipu mpya itaanguka nayo. Asiyegonga hasikii, na asiyesikia halipi.

Hata hivyo huenda lipu nayo ikakushinda bei, ukaamua kupaka rangi. Za mabwawa mara nyingi ni za epoksi au za mpira wenye klorini, na zinaringa: zinataka ukuta uliosuguliwa, ukaoshwa kwa asidi, ukasuuzwa na kukauka siku kadhaa. Epoksi ikipakwa juu ya ile ya mpira hubanduka, kwa hiyo usiulize iliyopo ni ipi. Afadhali uchukue rangi ya maji ya sebuleni, bluu.

(Kwenye asidi sitanii. Humiminwa asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Glavu, miwani, na mtu asishuke peke yake, kwa sababu mvuke wake hutuama shimoni.)

Kujaza ni kwa boza. La lita 10,000 utahitaji matano. Lipia matatu, mengine mwisho wa mwezi. Lipu mbichi inataka maji yapande bila kusimama, la sivyo yataandika alama ukutani pale yalipoishia, lakini maboza nayo hayakopeshi. Pengo waweza kulijaza kwa maji ya kisima. Yakiwa na madini ya chuma, ukitia klorini yatageuka kahawia mbele ya macho yako. Ongeza klorini. Lipu changa haipendi hivyo, itababuka madoa, na wiki za mwanzo inahitaji kupigwa brashi kila siku kuondoa vumbi lake, kazi ambayo kibarua hajaambiwa.

Wageni wakifika Jumapili, wahimize wapige picha asubuhi, wakisimama upande wenye kina kifupi ambako rangi bado imeshika. Watoto wakitoka majini na magoti ya bluu, wape taulo za rangi nzito.