Mwandishi wa Ukoo

Ukitaka kujua Watanzania wanavyokupenda, waambie una blogu. Wote watakupongeza. "Hongera sana, tutakuwa tunapita." Na wanapita kweli, kama daladala iliyojaa inavyopita kituoni.

Mimi naandika hadithi fupi na visa vya mtaani kwetu Tabata. Naandika usiku, bando likiwa rahisi, watoto wakiwa wamelala na umeme ukiwa haujaamua vinginevyo. Simu nayo ina msimamo wake. Niandike "kama", inaniwekea "karma". Nikiikatalia, inapiga mstari mwekundu chini ya sentensi nzima. UNESCO wamekipa Kiswahili siku yake, Julai 7, lakini simu yangu haijapata waraka.

Sisemi kwamba blogu hazisomwi nchi hii. Akina Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe walishafyeka njia, na mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi akafungua ya kwake, watu wakamiminika. Ila Michuzi ni mpiga picha. Mtu alikuwa anafungua aone harusi ya nani, msiba wa nani, nani kakata utepe, na kama yeye mwenyewe katokea nyuma kushoto. Mimi nawaletea aya tupu kuhusu fundi cherehani asiyekuwepo duniani. Hakuna anayejitafuta humo, isipokuwa mwenye nyumba wangu. Hajawahi kusoma hata neno, ila kaambiwa yumo. Kodi imepanda.

Walioniona wa maana ni serikali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipotoka, zilitaka laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka. Sijawahi kuthaminiwa kiasi hicho. Wenzangu wengi walifunga blogu zao wakanuna. Mimi nilimsomea mama watoto zile tarakimu kwa fahari kidogo. Akaniuliza, "Kwa hiyo unalipa ili uandike bure?" Kanuni zimerekebishwa baadaye. Swali lake liko vilevile.

Ndipo mjomba akasikia kwamba kuna watu wanalipwa kwa matangazo. Ni kweli, wapo. Utaratibu wenyewe ni huu: kampuni fulani ya ng'ambo inakuwekea matangazo, ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya kuhakiki anwani, barua ya karatasi, kwa posta, ndani ina namba ya siri. Hela zenyewe zinatoka ukifika dola 100. Sasa anwani. Mimi ninayo: unashuka kituoni, unaingia na njia ya mashine ya kusaga, unauliza kwa mama anayeuza mkaa. Haikuenea kwenye fomu. Nikaandika sanduku la posta la shule anayofundisha shemeji yangu. Ufunguo wa sanduku anao mhasibu, na mhasibu alikuwa likizo ya uzazi. Alipokuja kurudi, mtoto ameshaanza kukaa na ile namba imeshakwisha muda wake. Lakini shule nzima ilishajua kwamba shemeji yake mwalimu wa jiografia anangojea dola kutoka Marekani. Nimeombwa mchango wa mahafali, wa madawati na wa send-ofu ya mpishi. Kwenye akaunti yangu hazijafika hata senti za kununulia chaki.

Wasomaji, ninao. Takwimu zinaonyesha wengi wako Singapore, na sina ndugu Singapore. Naambiwa ni mitambo inayozunguka tu usiku. Anayeacha maoni kila wiki bila kukosa ni mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea. Nimeanza kumheshimu. Na shangazi naye alinitumia hadithi kwenye kundi la WhatsApp la familia. Hadithi ni yangu, jina limenyofolewa, chini pameandikwa "tuma kwa watu kumi upate baraka". Akaongeza, "Soma hii, ujifunze watu wanavyoandika."

Hata hivyo kalamu haijalala na njaa ya kazi, imelala na njaa ya malipo. Ukoo umeshajua kuna mwandishi. Barua za kuomba kazi nazitunga mimi. Ujumbe wa kukumbusha michango ya harusi, ule wa upole wenye meno ndani, ni wangu. Na wasifu wa marehemu. Hapo ndipo jina langu lilipo. Simu inalia usiku wa manane, anayepiga hajamaliza hata kulia: "Tumepata msiba. Njoo na kompyuta."

Watu wanalalamikia wahariri wa magazeti. Hawajahaririwa na wazee wa ukoo kwenye mkeka. Tarehe ya kuzaliwa inajadiliwa mpaka chai ya pili, maana mmoja anasema ulikuwa mwaka wa nzige na mwingine anasema nzige walikuja marehemu akiwa anachunga. Mtu ambaye hakuwahi kukaribisha mgeni maji ninaagizwa nimwandike mkarimu, na ninaandika. Tukifika kwenye idadi ya watoto, wanawake wanaombwa watupishe kidogo. Wale wa Morogoro wanaingia, wanatoka, wanaingia tena kwa masharti. Mke wa marehemu anapitisha kikohozi kutoka chumbani, wanatoka.

Halafu kesho yake, chini ya turubai, binamu mwenye sauti nzuri anasimama kusoma. Viti vyote vya plastiki vimejaa. Hakuna anayeshika simu. Watu wananisikiliza kuanzia mwaka wa nzige mpaka hospitali ya rufaa, mama mmoja anafuta machozi pale pale nilipopanga afute, na baadaye wanamfuata binamu kumpa pongezi kwa jinsi alivyoandika.

Sifa zimeenea mpaka Jumapili iliyopita baba mdogo akaja mwenyewe kuagiza wasifu wa kwake, mzima wa afya, na baiskeli. Alileta cheti cha darasa la saba, picha aliyovaa suti ya kuazima, na maelekezo: ujana ufupishwe, safari ya Nairobi irefushwe, habari ya duka lililofilisika isiguswe. Nikakesha nao. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile. Nairobi peke yake ilichukua ukurasa. Aliporudi nikamsomea, akaniomba nirudie pale pa Nairobi.

Nikamwambia, "Baba mdogo, kwa nini tusubiri? Niuweke kwenye blogu yangu sasa hivi, uusome ukiwa hai."

Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Hapana, mwanangu. Huu mimi nataka usomwe na watu."