Dalali Alinionyesha Nyumba Wakati wa Kusi

Geto langu liko kusini-magharibi mwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Dalali alinileta mwezi wa saba. Upepo mwanana, kodi ya kutupa, hata nzi hakuna. Nikauliza kile kilima pale mbele kinaitwaje. Akasema, "Bosi, hii si ndiyo Pugu, kwenye vilima?" Nikasifia mandhari. Nikalipa miezi sita.

Jamani, mimi nilijua kusi na kaskazi ni mambo ya wavuvi. Kumbe hata sisi wapangaji yanatuhusu. Kusi ikivuma, uvundo wote unaelekea ng'ambo kwa watu wengine, Mungu awape subira. Ikifika Desemba inaingia kaskazi. Hiyo inapita juu ya dampo, inazoa, inanikabidhi mlangoni. Na ndio msimu wa joto lenyewe. Ukifungua dirisha unavuta uozo, ukifunga unaiva. Nguo nikizianua zinanuka kuliko nilizovua.

Nikasema basi, usiku kukipoa nitapumua. Wapi! Mchana jua likiwaka hewa inapanda, na harufu inapanda nayo kidogo. Usiku upepo ukitulia, hewa ya baridi inalala chini, harufu nayo inalala chini. Na mimi nalala hapohapo chini, kitanda sijanunua.

Kuna kijana wa chuo alikuja na kipimajoto kirefu kama mshikaki. Ananiambia taka zikioza zinajipasha zenyewe, rundo linaweza kufika nyuzi 50 na kitu, bila mkaa bila gesi. Halafu zile zilizofukiwa, zikikosa hewa, zinatoa methani, ambayo inawaka. Moto ukishazama kule ndani unafuka siku na siku, mvua inanyesha na moshi unatoka. Mimi ule moshi nilijua kuna mtu anachoma mahindi. Nilishapanda mpaka juu na miatano yangu mkononi, nauliza bei. Waokota chupa walicheka mpaka wakaweka viroba chini.

Na usiniambie nikashtaki. Watu wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa ajili ya dampo lao, wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, zikahamia Mtoni, zikaja huku. Zimehama nyumba nyingi kuliko mimi, na sijasikia hata siku moja zikidaiwa kodi.

Sasa juzi asubuhi nimepanda daladala la Gerezani. Nimeoga, nimejipaka mafuta, nimekaa siti ya dirishani. Abiria mmoja anakohoa. Mwingine anafungua kioo. Wa tatu anaangalia soli ya kiatu chake, kisha cha jirani. Konda akanigeukia: "Bro, umebeba dagaa?"

Ungejibu nini wewe? Nikasema ndiyo.

Mama mmoja wa siti ya nyuma akachangamka. "Wa Mwanza au wa Kigoma, mwanangu?" Wa Kigoma, mama. "Nionjeshe." Nikasema hawa wa leo ni oda ya mtu. Kibegi changu kina shati na chaja tu. Akachukua namba yangu, akaibipu palepale ahakikishe. Gari zima likaanza kuuliza kilo bei gani. Kwa wenge nikataja bei, tena ya chini.

Mpaka sasa nina oda za watu wanne. Yule mama ameshatuma advansi.