Vizuizi Kumi na Viwili, na Vile vya Kwetu

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataja vizuizi 12 vya ndoa. Umo umri, umo undugu wa damu, imo ndoa nyingine iliyopo, umo hata utekaji wa mwanamke kwa nia ya kumuoa. Nilivisoma vyote, kwa kuwa mpwa wangu alipochumbiwa, ukoo uliniteua mimi mjomba nifuatilie makaratasi ya parokia. Sikuona popote palipoandikwa ukumbi, fundi cherehani wala shangazi. Waliotunga sheria ile hawajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi Dar es Salaam.

Ofisini swali la kwanza ni "Jumuiya gani?" Jina lako baadaye. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa anasali kila Jumapili, misa ya pili, benchi la nyuma karibu na mlango, lakini jumuiya yake hakuwahi kuitia machoni. Na bila barua ya jumuiya, paroko hafungui hata droo. Tukaenda kwa mwenyekiti, mama mwenye genge, tukamkuta anachambua mchicha.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Huyu kijana mimi simjui."

"Mama, ni jirani yako. Pale kwenye geti jeusi."

"Geti nalijua."

Ikabidi kijana aanze kudamka Jumamosi kwenda kusali na majirani. Kwa kuwa ndiye peke yake aliyekwenda na kalamu, wakamchagua katibu. Barua ya kumtambulisha akaiandika mwenyewe. Mama akaisaini baada ya kumhoji kuhusu zaka, kwa kirefu.

Ikaja habari ya cheti cha ubatizo. Mpwa alibatizwa Bukoba na cheti chake kimetunzwa vizuri, kimepigwa plastiki. Kikarudishwa. Wanataka kipya, kisichozidi miezi sita. Shemeji yangu akafoka: "Kwani mtoto anabatizwa mara ngapi?" Nilimweleza kwamba mtu akifunga ndoa, taarifa hurudishwa kule alikobatizwa ikaandikwa pembeni ya jina lake kitabuni, kwa agizo lililotoka Roma mwaka 1907. Cheti cha zamani hakijui umefanya nini tangu ulie kwenye maji ya baraka. Mfumo huo hauhitaji umeme wala nywila, na mwanamume mwenye mke Mwanza anayetafuta mwingine Dar ana kila sababu ya kuuogopa.

Cheti kipya kikatumwa kwa basi, kwa uangalifu mkubwa, ndani ya boksi la ndizi, chini ya mfuko wa senene wa kukaanga. Kilipofika, mafuta yalikuwa yametua juu ya tarehe. Paroko akakiinua dirishani, akakisoma kwa shida, akakinusa, kisha akauliza kama senene wamebaki. Walikuwa wamebaki. Katika safari yote ile hakuna karatasi iliyogongwa mhuri upesi kama hiyo.

Wakati huo kamati ilikuwa imeshalipia ukumbi. Mwenyekiti wa kamati alitamba na punguzo alilopata, na hakuna aliyejiuliza kwa nini ukumbi mzuri uwe mtupu Jumamosi ya mwezi Machi. Paroko akafunua kalenda: Kwaresima. Sheria ya Kanisa haikatazi ndoa kipindi hicho, ila parokia nyingi hapa kwetu hazifungishi, na paroko wetu habembelezeki. Mhazini, ambaye ndiye aliyetoa malipo ya awali, akauliza kama Pasaka haiwezi kusogezwa, maana kila mwaka inasogea yenyewe.

Tarehe tukaisogeza sisi. Matangazo yakaanza kusomwa, Jumapili tatu. Kanisa limeyang'ang'ania tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, kuzuia ndoa za siri, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka notisi ya siku 21. Siri ya nini, wakati kundi la WhatsApp la kamati lina watu kuliko kwaya? Msomaji akatangaza kwamba mwenye kujua kizuizi amwone paroko. Wakamwona. Shangazi alikwenda kueleza kwamba sare zake bado ziko kwa fundi. Jirani alilalamika kwamba alichangia dabo na kadi imekuja ya singo. Padre aliwasikiliza wote, akawapa baraka, akawarudisha.

Kizuizi chenyewe kilitokea kwa wasimamizi. Parokia inataka wanandoa waliofunga kanisani, na kamati ilimteua mwenyekiti wake na mkewe: watoto wanne, nyumba, suti imeshashonwa.

"Ninyi mlifungia parokia gani?" paroko akauliza.

Mwenyekiti akakohoa. Mkewe hakukohoa. "Baba Paroko," alisema, "hilo swali nalisubiri tangu mtoto wa kwanza."

Harusi ya mpwa ilifungwa kwa wasimamizi wengine. Bibi harusi alichelewa saluni, misa ikaanza bila yeye, akaingia wakati wa somo la pili. Mwenyekiti alikaa benchi la tatu na suti yake, hamtazami mtu. Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa kwenye matangazo.

Mkewe ameshaunda kamati na makaratasi nimekabidhiwa mimi, mzoefu. Mwenyekiti alibatizwa Kigoma. Nimeomba cheti kije peke yake kwenye bahasha, nikajibiwa kwamba kuna mzigo wa migebuka unakuja huku huku, kwa nini tulipie mara mbili.