Sifa za Kodi ya Kizingitini

Kodi ya mapato ina mawaziri wa kuisemea kila bajeti inaposomwa. Ushuru wa bia na sigara una madaktari. Hata ada ya maegesho ina kijana mwenye kizibao cha kung'aa wa kuitetea, maana ndiyo inayomlisha. Kodi ninayotaka kuisifu leo haina mtetezi hata mmoja, nami nimejitolea kumlea yatima huyu. Ni ile kodi anayotozwa mtu aliyehamia nchi ya watu, si kwa fedha alizochuma kwao, wala kwa fedha alizonazo, bali kwa zile anazozivusha mpaka ili apate kuzila. Ziache nje, hazina neno. Zilete, umejiletea mgeni. Nitaiita kodi ya kizingitini, na wenye husuda wakisema naivika kilemba cha ukoka, wajue nilikwisha kuipima kichwa.

Siku hizi kodi hii imepiga kambi Thailand. Huko, katika miji kama Pattaya, Hua Hin na Chiang Mai, wamejaa wazee wa Kiingereza, Kijerumani, Kiaustralia na Kimarekani, waliostaafu wakafuata jua na chakula cha bei nafuu. Anayekaa nchini humo siku 180 au zaidi katika mwaka mmoja wa kalenda huhesabiwa kuwa mkaazi mbele ya sheria ya kodi. Kwa muda mrefu ukaazi huo haukumlemea mtu, kwa sababu mapato ya nje yalitozwa kodi pale tu yalipoingizwa nchini ndani ya mwaka uleule yalipopatikana. Yakivuka mwaka, yamesalimika. Kwa hiyo fedha zilezile zililala tarehe 31 Desemba zikiwa na deni, zikaamka tarehe 1 Januari hazina. Wapo watu waliofunga na kusali maisha yao yote bila kupata msamaha wa haraka namna hiyo.

Septemba 2023 Idara ya Mapato ya Thailand ikaona raha imezidi, ikatoa agizo namba 161/2566. Hiyo 2566 si kosa la mpiga chapa. Wathai huandika miaka kwa kalenda ya Kibuddha, na 2023 yetu ndiyo 2566 yao. Tuseme basi kwamba hii ni kodi iliyotufikia kutoka siku zijazo, sifa ambayo kodi zetu hazina. Agizo likasema kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mapato ya nje yatatozwa mwaka yatakapoingia, hata kama yamekaa huko nje yakaota ukungu. Novemba likaja la pili, 162/2566, kuwapepea waliozimia: yaliyopatikana kabla ya 2024 yamesamehewa, yaje tu.

Yaje tu, lakini yajulikane ni yapi. Hapa ndipo kodi hii inapoipita dawa yoyote ya hospitali kwa kurudisha kumbukumbu za wazee. Babu asiyejua alikoweka miwani sasa anakutajia salio lake la tarehe 31 Desemba 2023 hadi senti ya mwisho, na taarifa ya benki ya siku hiyo ameitoa nakala tatu, moja ipo chini ya godoro. Utamu wenyewe uko kwenye akaunti iliyochanganya: akiba ya zamani iliyosamehewa, pensheni ya mwezi uliopita na riba ya juzi, zote katika chungu kimoja. Akichota za kutuma Thailand, amechota zipi? Ng'ombe hupigwa chapa, mbuzi hukatwa sikio, lakini fedha hazina ukoo. Ndipo anapoitwa mhasibu, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwa na sababu ya kupanda ngazi za nyumba ya mstaafu, na sasa anakaribishwa kwa chai na keki kama mkwe.

Wathai hawakuibuni kodi hii. Bibi yake ni Mwingereza. William Pitt alipoanzisha kodi ya mapato mwaka 1799 ili kugharimia vita na Ufaransa, wenye mali ng'ambo walitozwa kwa kile kilichofika Uingereza, na kilichobaki ng'ambo kikaachwa kinenepe. Miaka ikapita, na kivuli cha kodi ile kikawafaa matajiri wageni waliokaa London huku sheria ikikubali kuwa kwao hasa ni kwingine. Kuanzia mwaka 2008, mgeni wa namna hiyo aliyekuwa amekaa nchini miaka 7 katika 9 iliyotangulia alilipa pauni 30,000 kila mwaka, apate haki ya kutolipa kodi kwa fedha alizoziacha nje. Isome tena sentensi hiyo, msomaji. Mimi nimeisoma mara nyingi na haijapoteza ladha. Alilipa ili asilipe.

Na sheria ile ilikuwa na huruma kwa mapambo. Nguo, viatu, saa na vito vya kuvaa mwenyewe, hata vikinunuliwa kwa mapato ya nje, viliruhusiwa kuingia bila kuhesabiwa kuwa ni fedha zilizoletwa. Fedha zile ukizileta zikiwa noti, umekamatwa. Ukizileta zikiwa mkufu shingoni, karibu sana, umependeza. Waingereza wamekuja kumzika bibi huyo tarehe 6 Aprili 2025, baada ya miaka 226, na waliokuwa bado na fedha za zamani nje wakawekewa mlango wa punguzo: asilimia 12 kwa miaka miwili ya mwanzo, 15 mwaka wa tatu. Sijapata kuona matanga yaliyokuwa na punguzo.

Turudi kwa mjukuu. Kinachonivutia zaidi Thailand ni jinsi ofisi mbili zinavyoshirikiana bila kuonana. Uhamiaji humwambia mzee wa miaka 50 na kuendelea kwamba akitaka kuongezewa viza ya ustaafu, aonyeshe baht 800,000 katika benki ya Thailand au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Lete fedha, la sivyo rudi kwenu. Mzee analeta. Mlango wa pili wamekaa watu wa mapato, wanapokea kwa tabasamu: ahaa, umeleta? Mmoja anamswaga samaki, mwingine ameshika wavu.

Tuhesabu. Mstaafu wa miaka 65 anayeleta 65,000 kila mwezi ameleta 780,000 kwa mwaka. Mtolee 100,000 za gharama, 60,000 za nafuu yake binafsi na 190,000 za heshima ya mvi, zinabaki 430,000. Mia na hamsini elfu za mwanzo hazitozwi. Mia na hamsini elfu zinazofuata asilimia 5. Zilizobaki asilimia 10. Jumla baht 20,500. Si fedha za kumuua mtu, nakiri, na huenda mkataba kati ya Thailand na nchi yake ukampunguzia au ukamfutia kabisa, kwani mikataba ya kuzuia kodi mara mbili ipo na nchi zaidi ya 60. Ila mkataba haujisomi. Kila mmoja una lugha yake juu ya pensheni, na fomu inatakiwa ifike kabla Machi haijaisha. Mzee aliyedhani amestaafu amepata kazi, tena ya ofisini.

Asiyeitaka kazi hiyo kodi inampa safari. Akikaa siku 179, si mkaazi tena. Basi afunge mzigo, akashinde nusu ya mwaka Vietnam au kwa binti yake Leeds. Kodi gani nyingine imepata kumrudisha baba kwa wanawe?

Lakini sifa iliyonifanya nishike kalamu ni adabu yake mbele ya wakubwa. Thailand ina viza ya muda mrefu ya miaka 10, ambayo mstaafu tajiri huipata akiwa na mapato ya dola 80,000 kwa mwaka, na amri ya kifalme ya mwaka 2022 imemsamehe mwenye viza hiyo kodi ya mapato ya nje anayoyaingiza. Yule wa baht 65,000 kwa mwezi, ambazo ni kama dola 2,000, ndiye anayejaza fomu. Na tajiri asiye na viza hiyo bado ana dawa: aziache fedha zake Singapore. Fedha za tajiri zina subira. Za mstaafu lazima zivuke, kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi yake na duka la dawa halikopeshi. Kizingiti hakipimi utajiri, kinapima njaa, na njaa haijui kukwepa.

Usidhani ukoo huu uko mbali nasi. Binamu yake amezaliwa Marekani, katika sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025: asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Huyu hakai mlango wa kuingilia, anakaa wa kutokea, ila tabia ni ya nyumbani. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi ya benki ya huko, hamgusi. Anamngoja anayefika dirishani na noti mkononi, ametoka zamu ya usiku, anataka kuwatumia wa Tanga au Kisumu ada ya shule. Kama huyo ni shangazi yako, mpigie simu leo, mwambie asipeleke tena noti dirishani, atumie akaunti.