Safu ya Ushauri: Dhiki za Raketi Mwambaoni mwa Rumonge

Barua zilizoifikia safu hii kutoka Rumonge, Minago na Nyanza-Lac zinaonyesha kwamba amani ya nyumba nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, haivunjwi tena na bei ya mawese wala uhaba wa ndagala, bali na tenisi ya meza, na hasa na ubao, yaani sehemu ya raketi iliyo ya mti pamoja na mshiko wake, kabla haijabandikwa raba, ambazo ni ngozi za mpira za kupigia. Dhiki tatu zimechaguliwa kujibiwa.

Dhiki ya kwanza: kaboni na baiskeli ya baba

Kijana wa Rumonge mjini, aliyeanza kucheza juzi tu, anauliza kama ni halali kuuza baiskeli ya baba yake, ile inayobeba madumu ya mawese, ili anunue ubao wenye kaboni kama wa mabingwa anaowatazama katika simu.

Jibu: Baiskeli na ibaki nyumbani. Kaboni ni nyuzi nyepesi na ngumu zinazogandishwa kwa gundi baina ya matabaka ya mti, ili ubao usilegee unapokutana na mpira, na kwa sababu hiyo mpira huondoka kwa kasi zaidi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili, na tabaka la nyuzi lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kutegemea kipi ni kidogo. Kijana basi anataka kutoa baiskeli nzima kwa kitu kisichofika nusu milimita. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu na mpira una gramu 2.7, hivyo mkono usiojua bado kupunguza nguvu, ukipewa ubao wa kasi, hupeleka mipira nje, kisha hujifunza kupiga kwa woga, na woga huo hukaa mkononi hata ubao ukibadilishwa. Ubao wa anayeanza ni wa mti mtupu, wenye matabaka matano na uzito wa gramu 80 hadi 90, usiotengenezwa kwa kushambulia tu wala kwa kujikinga tu.

Dhiki ya pili: mume na ubao wa mtumbwi

Mke wa fundi wa mitumbwi analalamika kwamba mumewe amechonga raketi kutoka ubao mmoja uliobaki karakanani, pana kama sinia, na sasa majirani hawataki kucheza naye wakidai kwamba chombo hicho ni haramu.

Jibu: Kuhusu ukubwa, majirani hawana hoja, kwa kuwa kanuni zinaruhusu ukubwa, umbo na uzito wowote, mradi ubao uwe bapa na mgumu; hata mchezaji Truls Möregårdh wa Sweden alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 kwa ubao wenye pembe sita. Hoja yao ya haki ni kwamba upande wa kupigia lazima ufunikwe kwa raba, upande mmoja ukiwa mweusi na wa pili ukiwa na rangi angavu inayotofautiana wazi na nyeusi. Anayestahili kulalamika zaidi ni kifundo cha mkono wa mume, kwa sababu mti uliochaguliwa kushindana na mawimbi ni mzito mno kwa kazi hii. Ubao wa kiwandani huwa na kiini kinene cha mti mwepesi, ambacho juu yake hubandikwa matabaka membamba, na nyuzi za tabaka moja aghalabu hukatisha zile za tabaka jirani ili ubao usipasuke. Kiini mara nyingi ni ayusi na tabaka la nje ni limba, miti miwili ya misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mume alikosea tabaka, bara hakulikosea.

Dhiki ya tatu: uchawi wa Minago

Mvuvi wa Minago, ambaye huacha raketi yake ndani ya mtumbwi, ameona matabaka yakiachana, naye anamshuku mpinzani wake kuwa amemroga.

Jibu: Mchawi ni unyevu. Mti hunywa maji, huvimba, kisha hukauka na kujikunja, na gundi huachia. Tena mafuta ya samaki au ya mawese yakigusa raba, raba huteleza na haizungushi mpira tena. Ubao upakwe vanishi nyembamba kabla ya kubandikwa raba, na raketi ilale nyumbani, katika mfuko mkavu, mbali na jua kali. Wakati wa mazoezi nao upo: ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi mpevu ukiangaza, taa hupoteza mvuto wake kwa samaki, kwa hiyo mvuvi hupata siku kadhaa za kupumzika.

Hukumu ya safu

Anayeanza achague ubao wa mti mtupu wa matabaka matano, wenye mshiko unaokaa vizuri kiganjani bila kukibana, auvalishe raba zisizo nene, kisha acheze nao mwaka mzima bila kuubadilisha. Wasomaji wanaombwa wasiandike tena kuhusu kaboni kabla ya kuweza kurudisha mpira mezani mara hamsini mfululizo.