Banda Lililopinda Kabla ya Upinde

Ua wetu hapa Nyamirambo ni mtelemko mtupu. Chungwa likikuponyoka jikoni, atakayelila ni jirani wa chini. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba najenga karakana ya kuchongea pinde huko nyuma ya nyumba, mke wangu hakuhangaika kuuliza pinde za nini. Aliuliza, "Baba watoto, litasimamaje?"

Wazo la pinde nililitoa Huye, kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa 1989. Nilisimama mbele ya kabati la vifaa vya uwindaji nikajiambia maneno ambayo yamefilisi wanaume wengi: kumbe ni kijiti na kamba tu.

Fundi niliyemwita alilijibu swali la mke wangu kama mafundi wanavyojibu. Alikohoa, akazunguka ua, akaomba advansi. Mpango wake ulikuwa nguzo za upande wa bondeni ziwe ndefu, za upande wa nyumba fupi, sakafu ya mbao, bati juu. Nguzo na boriti tulinunua za mkaratusi, maana vilima vya Rwanda vimejaa mikaratusi, na ndiyo inayotoa kuni, makaa na miti ya jukwaa la ujenzi. Hizi zetu zilikuwa zimekatwa juzijuzi. Ukizishika unaondoka na unyevu mkononi. "Bosi, usijali, zitakaukia hukohuko juu," fundi alisema, na katika maneno yake yote hayo ndiyo yaliyotimia.

Mkaratusi mbichi una mambo yake. Mti ungali umesimama, nyuzi zake za nje zinavutana na za ndani zinabanana, na ukishaukata ukauacha juani, kila upande unasinyaa kivyake. Julai hapa Kigali ni kiangazi, mvua huioni. Boriti yetu ya katikati ilipigwa na jua ubavu mmoja tu, asubuhi hadi adhuhuri, ikaanza kuinua mgongo. Ilipofika Agosti bati lilikuwa limeacha misumari miwili na mvungu wake unapitisha paka. Nilimwita fundi. Aliiangalia ile boriti kwa muda mrefu, kichwa upande, kisha akanigeukia bila haya: "Bosi, si ulisema unataka pinde?"

Katika mji huu huwezi kuinua hata banda la kuku bila mtu kuja kuuliza, na sioni ubaya wake. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, alikuja na daftari, mpole kama kawaida yake.

"Mzee, amakuru? Hapa panajengwa nini?"

"Karakana, kiongozi."

"Ya kutengeneza?"

"Pinde."

Akaandika. Kalamu ikasimama. "Pinde za kurushia mishale?"

"Ndiyo, kiongozi."

"Na mishale yenyewe iko wapi?"

"Bado. Hata pinde bado."

Alinitazama mimi, akalitazama banda, akaikazia macho ile boriti. Kisha alikata neno aliloandika, akaandika "useremala", akaniaga. Nimekutana na viongozi wengi maishani; huyo anajua kusoma hali.

Mti niliochagua ni mpera, uleule ambao watoto hukata panda za manati, na kila aliyewahi kuchapwa kwa fimbo yake anajua kwamba unapinda na kurudi. Sasa, gogo la upinde likikaushwa haraka hupasuka kuanzia nchani, kwa hiyo ncha huzibwa kwa rangi au nta ili maji yatoke polepole kupitia ubavuni. Rangi sikuwa nayo. Ningefunga ncha kwa mfuko wa plastiki, lakini nchi hii iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, nami siyo mtu wa kuitafuta kwa magendo kwa ajili ya mpera. Nikatafuta kitambaa kizito. Kumbe kilikuwa kitenge cha kwendea harusini. Mazungumzo yaliyofuata nyumbani kwangu hayahusu useremala. Magogo yalipasuka hata hivyo, isipokuwa moja lililosahaulika chini ya kitanda.

Kuchonga kwenyewe nilikuanza na magogo yaliyopasuka, mbele ya mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na kupata kiti kizuri cha kutazamia. Hapa inabidi nieleze kidogo. Mgongo wa upinde, yaani upande unaomtazama adui, hauguswi. Ukikata nyuzi zake umeukaribisha ufa. Unachonga tumboni, upande wako, hadi mikono miwili ya upinde ipinde sawasawa. Na hesabu ya mbao ni katili. Ukipunguza upana kwa asilimia 10, ugumu nao unapungua kwa asilimia 10. Ukipunguza unene kwa asilimia hiyohiyo, umepoteza zaidi ya robo ya ugumu. Mkono wa kushoto ulikuwa mgumu, nikaupiga tezo kidogo. Ukawa laini kuliko wa kulia. Nikaupiga wa kulia. Maranda yalijaa miguuni pa mama mkwe, upinde ukazidi kuwa mwembamba.

"Mkwe wangu," alisema, "kaka zangu walikuwa wakichonga asubuhi, jioni wako uwanjani wanacheza kumasha, kulenga shabaha kwa mishale."

"Kwa vifaa gani, mama?"

"Kisu."

Mke wangu naye akaleta habari za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kule Tanzania, ambao kwao mwanamume huchonga upinde wake mwenyewe chini ya mti kwa shoka na kisu, hufunga ugwe wa kano za mnyama, na mshale uliopinda huupasha moto akaunyoosha kwa meno. "Nao wana karakana?" aliuliza. Nilimwambia Wahadzabe hawana mtelemko.

Nilipouvuta ule upinde mara ya kwanza mpaka kidevuni, ulilia kama bati lililopigwa jiwe, na kipande cha juu kikapaa kuelekea bondeni. Baada ya muda mtoto wa jirani alibisha hodi, amekishika kwa mikono miwili kwa adabu. "Mama amesema hiki ni chenu." Siku hizi habishi. Vipande huviweka tu mlangoni.

Najifariji kwa yule mtu wa barafu aliyepatikana 1991 milimani mpakani mwa Austria na Italia, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Alikutwa na upinde wa urefu wa zaidi ya mita 1.8, haujamalizika kuchongwa. Wachunguzi waligundua baadaye kwamba aliuawa kwa mshale begani, bila shaka wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Banda bado lipo. Tumeanika nguo humo wakati wa masika, na boriti imetulia katika umbo lake jipya. Upinde uliotokana na gogo la chini ya kitanda nao upo, mkono mmoja umekakamaa na mwingine umejikunja nchani kama ndoana. Kurusha mshale hauwezi. Lakini parachichi za jirani wa juu zimetanda hadi uani kwetu, kwa ruhusa yake, na mama mkwe amegundua kwamba ile ncha inanasa kikonyo vizuri kuliko kingoe chochote alichowahi kutumia. Ameshaagiza wa pili. Anautaka mrefu zaidi, na amesisitiza usiwe na kamba.