Saa Moja Kamili, Kinigi

Tangu Mei 2017, mtalii kutoka nje ya Afrika hulipa dola 1,500 ili akawaone magorila wa milimani katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kaskazini mwa Rwanda. Kwa fedha hizo hupewa mwongozaji, hupewa wafuatiliaji wanaotangulia msituni kutafuta wanyama walikolala, na hupewa saa nzima ya kulitazama dume la gorila likijikuna mgongo bila kumjali aliyelipa. Gari la kumfikisha mahali njia inapoanzia halimo. Hilo atajijua mwenyewe.

Anayelala Kigali hana shida: kampuni ya utalii humletea Land Cruiser mlangoni. Anayelala Musanze naye ana nafuu, maana Kinigi, yaliko makao ya hifadhi, iko kilomita 12 tu kwa lami, na motari, yaani waendesha pikipiki, wamejaa mjini wakisubiri abiria. Utamu uko Gisenyi, mji wa ukingoni mwa ziwa, mpakani na Kongo. Asubuhi isiyo na ukungu, aliyesimama mjini pale huiona milima ya volkano, Nyiragongo upande wa Kongo na Karisimbi, mita 4,507, upande wa Rwanda, na yote miwili humdanganya kwamba ataifikia kabla chai haijapoa. Kilomita 60 za kwenda Musanze hazionekani kutokea ziwani. Wala hazionekani zile za mwisho kabisa, za mawe ya volkano, ambazo hakuna ofisi wala kampuni ya basi inayosema ni zake.

Na Kinigi haina mzaha na saa. Awe na kibali cha gorila, cha kima wa dhahabu, au cha kupanda mlima Bisoke, kila mtu anatakiwa awe amefika saa moja kamili asubuhi. Hapo majina huhakikiwa, watu hugawanywa wanane wanane kwa kila familia ya gorila, na ndipo dereva anapoambiwa aelekee wapi. Hakuna ajuaye kabla ya hapo, kwa sababu gorila hawaachi taarifa ya watakapoamkia.

Kinachowaponza wengi ni kwamba mabasi ya Rwanda yana adabu, na adabu hiyo humlevya mgeni. Tiketi ina saa, kiti ni cha mtu mmoja, na gari huondoka hata kama halijajaa. Abiria aliyezoea Mbezi ya Dar es Salaam au Machakos ya Nairobi hukata tiketi yake stendi ya Gisenyi, ambayo wenyeji huiita gare, akaamini kwamba nchi iliyonyoosha jambo hili itakuwa imenyoosha na yaliyobaki. Anasahau kupiga hesabu. Basi lina kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa. Kuna kamera za barabarani, ambazo Wanyarwanda wamezibandika jina la kike, Sofia. Kuna mwinuko wa Bigogwe, kuna wanaoshuka Mahoko, kuna wanaopanda Mukamira. Hata la alfajiri kabisa humshusha Musanze akiwa amebakiwa na dakika za kuomba dua na kukodi pikipiki, kwa mpangilio huo.

Binti mmoja wa Gisenyi aliyetaka kumkwepa Sofia na ratiba zake aliamua kudandia magari ya njiani. Aliteremka Mahoko, siku ya soko, akauliza kwa sauti nani anakwenda Kinigi. Akaelekezwa vizuri sana, tena na watu watatu kwa pamoja, hadi mbele ya magunia. Kinigi ni aina ya viazi mviringo vinavyopendwa kote nchini, na muuzaji alitaka kujua kwanza anachukua kilo ngapi.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi mtaani Mbugangari ni cha mpwa wa mzee mmoja wa pale, mwalimu kutoka Mwanza, aliyekuja na mkewe kwa Toyota IST yao wenyewe. Hoja yake ilikuwa nzito: basi la nini, wakati gari ninalo?

Waliingia kupitia Rusumo, na Rusumo ndipo magari yanapobadili upande, kwa kuwa Tanzania hushika kushoto na Rwanda kulia. IST ina usukani wa kulia. Matokeo yake mwalimu akawa anaendesha akiwa ukingoni mwa mtaro, na mkewe amekaa katikati ya barabara, ana kwa ana na malori. Mama huyo hajawahi kushika usukani maishani mwake. Kuanzia Rusumo ndiye aliyekuwa akiamua lini walipite gari lililo mbele.

Siku ya kwenda Bisoke waliondoka Gisenyi gizani, mzee amekaa kiti cha nyuma kama mkalimani. Nyuma ya lori la kreti za bia lililokuwa likijikongoja kupanda Bigogwe, maongozi yalikwenda hivi:

“Bado, baba watoto. Bado. Bado. Haya sasa! Hapana, rudi, rudi!”

“Unaona nini?”

“Taa.”

“Taa ya gari?”

“Ya nyumba. Lakini ilikuwa inatujia.”

Walilifuata lori lile hadi Mukamira. Kilichowaokoa ni saa ya mkononi ya mama, ambayo hakuirudisha nyuma mpakani. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo aliwaamsha watu wote saa tisa usiku akidhani ni saa kumi. Mzee alilalamika njia nzima kwamba katika umri wake hajawahi kuamshwa saa hiyo ila kwa msiba. Hata hivyo walifika Kinigi kabla ya mtu yeyote, na IST ikachukua nafasi nzuri kuliko zote katika maegesho, mbele kabisa karibu na ofisi. Land Cruiser zilizokuja baadaye zikajipanga nyuma yake safu baada ya safu mpaka ikawa haina pa kutokea.

Haikuhitaji kutoka. Mwongozaji aliizunguka mara moja, akainama kutazama uvunguni, akamwamkia mzee kwa heshima.

“Mzee, hii gari ni ya nani?”

“Ya mpwa wangu. Imetoka Mwanza.”

“Mwanza itarudi, mzee. Bisoke haiwezi kufika.”

Basi ikabidi mwalimu afanye kile ambacho wasafiri wa mkoba mgongoni wamekifanya Kinigi kwa miaka: kupita kwenye magari ya watu akiomba nafasi. Kazi hiyo ina fedheha yake, na huongezeka kwa kuwa asubuhi pale mara nyingi kuna ngoma. Wacheza Intore hurusha nywele zao za katani, ngoma zinalia, wageni wanakunywa kahawa na kupiga picha, na katikati ya shangwe hiyo mtu mzima mwenye shahada ya ualimu anabisha kwenye vioo. Wa kwanza alisema gari limejaa, na lilikuwa na watu wawili na begi la kamera. Wa pili hakushusha kioo. Wa tatu walikuwa wastaafu wawili kutoka Ujerumani, ambao kabla hawajaelewa wanaombwa nini, dereva wao wa Kigali alikwisha kuwajibia kwa Kiswahili: “Ingieni nyuma, mama na baba. Mshike vyuma, haiko lami huko.”

Haikuwapo kweli. Barabara hizi ni mawe ya volkano yaliyopangwa na Mungu kwa haraka, na waongozaji huwaambia wazungu kwamba hiyo ni masaji ya bure. Pande zote ni mashamba ya viazi na ya pareto, nyumba, watoto wa shule, mbuzi. Mgeni hujiuliza msitu uko wapi. Jibu liko katika historia. Hifadhi hii ilianzishwa 1925 wakati wa Wabelgiji, ikiwa sehemu ya Hifadhi ya Albert iliyovuka hadi Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 eneo kubwa la upande wa Rwanda lilikatwa likagawiwa wakulima wa pareto. Msitu ukasukumwa juu mlimani. Ndiyo maana leo gari hupita vijijini kwanza, kisha mtu hutembea kati ya matuta ya viazi mpaka kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia nyati, na ng’ambo ya ukuta ndipo hifadhi inapoanza. Pa kuegesha ni kipande cha majani kando ya nyumba ya mtu.

Kuhusu kupanda kwenyewe hakuna la ajabu. Tope, thabai, askari wenye subira, mita 3,711, na ziwa la kreta ambalo lilionekana kwa dakika kadhaa kabla ukungu haujalifunika. Mama alitangulia kufika. Walipoteremka hadi Kinigi mchana walimkuta mzee kivulini na madereva, wanamwita Papa. Alikuwa amekwisha kupatana bei ya gari la magurudumu manne kwa siku nzima na watu watatu tofauti, kila bei chini ya iliyotangulia, kwa safari ambayo ilikuwa imekwisha.

Wanaoutetea utaratibu huu wa kila mgeni kujitafutia gari wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Ni kweli, husema, Hifadhi ya Zion huko Marekani ilianza kuendesha mabasi yake mwaka 2000, baada ya magari ya wageni kuzidi nafasi za kuegesha. Lakini Zion ina bonde moja na barabara moja; basi linakwenda na kurudi, na miamba iko pale pale. Safu ya Virunga ni milima kadhaa, njia kadhaa, na kila asubuhi wanyama ndio wanaopanga ratiba. Huwezi kuweka kituo cha basi mahali gorila alipokula jana.

Sawa. Ila Bisoke haujawahi kuhama. Karisimbi nao uko ulipokuwa. Anayepanda milima hii hukutana na wenzake Kinigi saa ile ile kila siku, akaenda mwanzo wa njia ule ule, na wote hao kwa pamoja wangeenea katika Coaster moja, hata iliyochakaa, ilimradi iwe juu kidogo ya mawe. Hapo hoja ya gorila inakuwa kisingizio. Kanda hii yenyewe ina mifano. Anayekwenda Kilimanjaro kupitia Marangu anaweza kupanda daladala kutoka Moshi hadi Marangu Mtoni, akamalizia kwa bodaboda hadi lango la hifadhi. Hell’s Gate ya Kenya unafika kwa matatu hadi karibu na lango la Elsa, ukakodi baiskeli, ukapita kati ya pundamilia kwa nguvu za miguu yako. Kinachokera zaidi ni ng’ambo ya mpaka. Hifadhi ya Virunga ya Kongo, pamoja na mikosi yake yote, ilikuwa ikiwapangia wageni wa Nyiragongo usafiri kutoka Goma hadi Kibati, pale njia ya kupanda inapoanzia. Mtu wa Gisenyi alivuka mpaka kwa miguu, akakaa garini, akashushwa mlangoni pa volkano. Kisha mlima ukalipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi, na vita vilivyofuata vikamaliza habari ya watalii.

Mwalimu alitoa hotuba hii nzima kwa mjomba wake wakila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, usiku ule. Mzee alimsikiliza, akamwambia asichoke: iko hifadhi nyingine karibu, Gishwati-Mukura, iliyofunguliwa kwa wageni Desemba 2020, yenye sokwe, na nusu ya safari ni lami nzuri ya kuelekea Karongi. Safari hii IST ibaki nyumbani. Waende kwa basi, washuke, wachukue pikipiki. Wakapanga Jumamosi.

Hakuna aliyetazama kalenda. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambapo kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi Rwanda nzima hufanya kazi za pamoja, maduka yamefungwa na mabasi yamelala. Mwalimu na mkewe walitoka wamevaa viatu vya mlimani, makoti ya mvua na fimbo za Bisoke, wakakuta barabara tupu na majirani wote wa Mbugangari mtaroni wakiwa na majembe. Mgeni halazimishwi. Lakini mwanamke mmoja aliyekuwa akifyeka majani aliwatazama kuanzia chini hadi juu, akamwita mwenzake, na wote wawili wakakubaliana kwa sauti kwamba hawajawahi kuona watu waliojiandaa kwa umuganda namna hii. Mwalimu akapewa koleo. Mkewe akapewa fyekeo.

Baada ya kazi kikafuata kikao, kama kawaida. Ajenda ilikuwa bima ya afya na mtaro wenyewe. Kiongozi wa mtaa aliwashukuru wageni kutoka Tanzania, akawaomba wasogee mbele kwa ajili ya picha, na akasisitiza kwamba viatu vyao vionekane.